Kokwa Lenye Ndevu Halihesabiwi

Jumatatu hiyo, saa mbili kasorobo asubuhi, Spéciose alikuwa amekwisha kupanga maembe yake kwenye meza namba mbili, tabaka tatu, makubwa chini na madogo juu, kila moja limefutwa kwa kipande cha kitenge kuukuu. Meza namba mbili ilikuwa ya pili kutoka lango la soko la ushirika wa Tujyane, hapo Kabuga, mkabala na kituo cha mabasi. Anayekwenda kazini mjini hupita hapo, na anayerudi jioni amechoka hupita hapo hapo, mkono wake ukinyooka wenyewe kuelekea kwenye embe. Spéciose alikuwa amekalia meza hiyo kwa miaka kumi na mmoja, tangu aliporudi kutoka Bujumbura alikokulia. Katika miaka hiyo aliiacha mara mbili tu: siku ya kumzika mama yake, na siku ya kung'oa jino.

Saa mbili kamili meneja wa soko, Bayingana, alikuja na ubao mpya. Bayingana alikuwa mtu safi. Alivaa koti hata jua likiwa utosini, alipenda kila kitu kikae kwenye safu yake, na kifuani alikuwa na kalamu tatu za rangi tatu. Aliutundika ubao juu ya lango, akasogea nyuma hatua mbili kuutazama, akaridhika. Ulisema: MEZA ZA MBELE NI ZA MATUNDA YA KOKWA. MENGINE YOTE NYUMA.

Nyuma ilikuwa nyuma kweli. Kulikuwa na tangi la maji linalovuja, pipa la takataka za soko zima, na nzi waliokuwa wameishi hapo vizazi kadhaa bila kusumbuliwa. Wateja hawakufika huko isipokuwa waliopotea wakitafuta choo. Embe likikaa nyuma siku tatu linakuwa supu.

Spéciose aliusoma ubao, akaona haumhusu. Maembe yana kokwa. Akaendelea kufuta.

"Mama Spéciose," Bayingana akamwambia, "mbona hukusanyi?"

"Nikusanye nini, bwana meneja?"

"Maembe. Yaende nyuma."

"Embe iko na kokwa."

Bayingana akachomoa kalamu ya kijani, akaielekeza kwenye embe moja bila kuligusa. "Embe iko na kitu ndani, sikatai. Lakini kile kitu ni bapa, tena kina ndevu. Kokwa la kweli ni mviringo, ni laini, unalishika na mkono unabaki msafi. Kokwa lenye ndevu halihesabiwi."

"Nani alisema?"

"Imeandikwa."

"Wapi?"

Bayingana akapanda kigoda, akaandika kwa kalamu ya kijani chini kabisa ya ubao. Kisha akashuka, akaonyesha.

Kabla ya saa tatu meza namba mbili ilikuwa na mwenyewe mpya. Jina lake Jolly, mdogo wa mke wa Bayingana, aliyehamia kutoka Kampala miaka miwili iliyopita na aliyeuza maparachichi. Ukilipasua parachichi unakuta ndani kitu kikubwa, mviringo, laini kama kipara cha askofu. Mtu mzima aliyeona kitu kile asingeweza kubisha kuhusu kokwa. Jolly alipanga bidhaa zake bila kumtazama mtu usoni.

Aliyemsaidia Spéciose kubeba maembe hadi nyuma ni Usumani, ambaye duka lake la tende, viungo na mikeka lilitazamana na meza namba mbili. Usumani alikuwa mtu wa msikitini, mwembamba, na alikuwa akiwajulisha watu wote, mara nyingi kabla ya salamu, kwamba babu wa babu yake alitoka Tanga kwa miguu.

"Dada," akasema alipolitua kapu la mwisho karibu na pipa, "huku ni mbali."

"Kuliko Tanga?"

Usumani akafikiri. "Harufu ni mbaya zaidi," akasema.

Siku ile Spéciose aliuza embe moja, kwa mtu aliyekuwa akitafuta choo.

Jumanne, saa nne asubuhi, maembe yakashuka mezani. Yalishuka kwa utaratibu, ya juu kwanza, kisha ya katikati, kisha makubwa ya chini. Yakasimama kwa ncha, yakaanza kutembea kuelekea mbele, yakiyumba kidogo kama watu wanaotoka harusini wameshiba. Yalipita kwa wauza nyanya, yakapita kwenye bucha, yakasimama kumpisha mtu wa toroli, yakaendelea. Wakati huo huo maparachichi ya Jolly yalikuwa yakija kutoka mbele, mstari mmoja, shingo juu. Makundi hayo mawili yalikutana penye njia nyembamba karibu na muuza chumvi, na kila kundi likashika upande wake wa kulia, kama sheria ya barabara inavyotaka. Muuza chumvi alivuta gunia lake ndani ili lisizibe njia.

Spéciose aliyafuata maembe kwa nyuma, ameinama, kitambaa mkononi, akifuta moja baada ya jingine. Njia ilikuwa na vumbi, na embe lenye vumbi halina mnunuzi.

Maembe yalipofika meza namba mbili yalipanda, yakajipanga tabaka tatu, makubwa chini na madogo juu. Maparachichi nayo yalikwenda moja kwa moja hadi nyuma, yakakaa kati ya ndizi na nyanya, yakatulia kama wageni waliofika kwa ndugu zao.

Bayingana alitoka ofisini.

"Mama Spéciose, unajua kwamba kuuza kwa kuzunguka ni marufuku. Mji mzima unajua."

"Mimi sijazunguka, bwana meneja. Mimi nilikuwa nafuata."

"Basi ni nani aliyezunguka?"

Wote wawili wakayatazama maembe. Bayingana akachomoa kalamu nyekundu, akaandika kwenye daftari kwamba maembe arobaini na sita yamekamatwa kwa kosa la kujizungusha. Walinzi wawili wa soko, Melchior na mwenzake, wote wamevaa vizibao vya njano vinavyong'aa, waliyabeba hadi stoo na kufunga kwa kufuli.

Jumatano saa nne asubuhi madogo yalipenya chini ya mlango. Makubwa hayakuweza. Yalingoja mpaka Melchior alipofungua kutazama madogo yametokea wapi, ndipo nayo yakatoka, yakimpita kwa adabu, kushoto na kulia kwake.

Alhamisi Bayingana aliagiza yafungwe kamba kwenye meza ya nyuma. Saa nne meza ilikwenda nayo. Mtu wa bucha alilalamika kwamba miguu ya meza inachora sakafu, kwa hiyo kamba ikaondolewa.

Ilipofika Ijumaa jambo hilo lilikuwa limeshazoeleka: kila jioni walinzi walirudisha maembe nyuma na maparachichi mbele, na kila saa nne yakabadilishana tena. Mama wa chai alikuwa akibandika birika maembe yakipita, kwa sababu hayakuchelewa hata dakika moja. Wateja waliotaka parachichi walijua waje kabla ya saa nne, au wapige hatua hadi nyuma. Kilichobaki ni Spéciose mwenyewe. Maembe yalikuwa mbele, naye alipojaribu kusimama kando yake auze, Melchior alikuja kumwambia, kwa sauti ya mtu anayeona haya, kwamba jina lake liko kwenye orodha ya nyuma.

"Melchior, na haya maembe ni ya nani?"

"Ni yako, mama."

"Na mimi ni wa wapi?"

"Wa nyuma, mama."

Wanachama wa ushirika walitaka kujua lipi ni lipi, basi wakamwita agronome, mtaalamu wa kilimo. Alikuwa binti anayeitwa Christella, buti za mpira miguuni, panga dogo kiunoni, na alizungumza na watu wazima kama anayezungumza na miche. Walimwekea meza katikati ya soko. Akaomba embe moja na parachichi moja. Yalijitokeza mengi, akachagua.

Alilipasua embe, akaila nyama yake kwa kuwa hakupenda kitu kiharibike, akaliinua kokwa likidondosha maji. "Muangalie vizuri," akasema. "Hii ya njano mnayokula, siyo kokwa. Hii ngumu yenye ndevu ndiyo kokwa. Lakini mbegu bado hamjaiona." Akaingiza ncha ya panga ubavuni mwa kokwa, akalifungua kama kopo. Ndani mlikuwa na kitu cheupe kilichojikunja kama figo. "Mbegu hii hapa. Ilikuwa imelala nyumbani kwake. Tunda la kokwa maana yake ni hiyo: ngozi nje, nyama katikati, halafu tunda lenyewe linajenga nyumba ngumu, na mbegu inalala ndani ya nyumba. Kokwa ni nyumba, mbegu ni mwenye nyumba."

"Na ndevu?" Bayingana akauliza.

"Ndevu ni ndevu tu, bwana meneja. Hata mwenye ndevu ana nyumba."

Watu wakacheka. Usumani, mwenye ndevu, alicheka kuliko wote.

Kisha Christella akalipasua parachichi. Kile kitu mviringo akakikwaruza kwa ukucha. Kikabanduka kijiganda chembamba cha kahawia. "Huyu hana nyumba. Hii yote ni mbegu. Analala na shati tu. Avoka ni ndugu wa nyanya kwa namna hiyo: ngozi, nyama, mbegu, basi."

"Banange," Jolly akasema taratibu, kwa mshangao wa kwao Kampala. "Na shati lenyewe jepesi."

Wakamwuliza matunda mengine ya kokwa ni yapi. Akahesabu kwa vidole: embe, pichi, plamu, zeituni, nazi. Usumani akaruka.

"Nazi? Rudia, binti yangu. Rudia kwa sauti."

"Nazi. Kile kifuu kigumu ndicho kokwa."

Usumani alikuwa na nazi moja dukani, pambo, aliyoiweka juu ya rafu miaka sita iliyopita kwa heshima ya babu wa babu yake. Nazi ile ilijiangusha, ikabiringika kuvuka njia, ikapanda meza namba mbili na kukaa juu ya maembe. Usumani aliisindikiza kwa macho kama mzazi anayemwona mwanawe akipokea cheti.

"Na tende?" akauliza.

"Tende…" Christella akajikuna shingo. "Hapo wataalamu wenyewe hawajamaliza kubishana."

Tende za Usumani, ambazo zilikuwa zimeshafika nusu ya njia, zikasimama. Hazikwenda mbele, hazikurudi. Zilikaa hapo katikati mpaka jioni, na watu waliziruka.

"La mwisho ni kahawa," Christella akasema akifuta panga. "Ile punje mnayokaanga ni mbegu. Imefunikwa na ganda gumu, jembamba kama karatasi, na ganda hilo ndilo kokwa lake."

Jumamosi, saa tano, basi kutoka Rwamagana lilisimama kituoni na matunda ya kahawa yakateremka, mekundu, hayajakaushwa, kiasi cha ndoo mbili, bila ndoo. Dereva alisema hayakuwa na kadi ya nauli lakini yalikaa vizuri na hayakumsumbua mtu. Yalipanda meza namba tatu. Hakuna aliyeyanunua, maana hakuna anayetafuna kahawa mbichi, na saa tisa yalipanda basi la kurudi.

Jumapili baada ya misa ushirika ulikutana chini ya paa la soko. Spéciose alisimama akiwa bado na gauni la kanisani. Alisema maneno machache.

"Agronome amesema. Maembe yamesema kwa miguu yao. Mimi sitaki kitu kingine, nataka meza yangu namba mbili. Maembe yangu yanakaa pale kila siku kama mayatima, watu wanayashika, wanauliza mwenyewe yuko wapi, wanapanda basi."

Wengi waliitikia. Bayingana aliandika kwa kalamu ya buluu. Hapo Jolly akasimama, jambo ambalo halikuwa kwenye ajenda.

"Na mimi niseme. Mimi sikuomba ugomvi na Mama Spéciose. Shemeji aliniahidi ile meza wiki mbili kabla ya ubao. Alikuwa bado hajui kokwa ni nini. Alinipigia simu akaniuliza, 'Jolly, ndani ya avoka kuna nini?' Nikamwambia, kuna kitu kikubwa mviringo. Akasema, basi inatosha."

Hakuna aliyeshtuka. Bayingana aliandika hilo nalo, na baadaye katika ripoti lilionekana kwenye mstari wa kumi na nne: *Imesikika.*

Uamuzi ulitolewa Jumatatu asubuhi, ukabandikwa chini ya ubao. Ulikuwa na vifungu viwili. Kifungu cha kwanza kilikubali kwamba embe ni tunda la kokwa, kikalipongeza kwa nidhamu, na kuliruhusu kukaa mbele kuanzia saa nne bila kukamatwa. Kifungu cha pili kilieleza kwamba orodha ya meza ni ya majina ya watu, siyo ya matunda, na kwamba jina la mtu haliwezi kubadilishwa kwa sababu ya kitu kilichomo ndani ya bidhaa.

Usumani alimsomea Spéciose mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza Spéciose alidhani ameruka mstari.

"Yaani maembe yameshinda," Spéciose akasema.

"Yameshinda, dada."

"Mimi nimeshindwa."

"Wewe hukutajwa, dada."

Spéciose alirudi nyuma. Alikaa kati ya maparachichi ambayo hayakuwa yake, na mbele Jolly alikaa nyuma ya maembe ambayo hayakuwa yake, na kwa siku nzima wanawake hao wawili walitazamana kwa mbali, juu ya vichwa vya soko, kila mmoja akilinda mali ya mwenzake.

Jumanne, saa nne kasoro dakika tano, Spéciose alifuta embe la mwisho, akakunja kitambaa, akakitia kifuani. Akapanda juu ya meza. Akakalia maembe, akapanga gauni lake vizuri, akafungua mwavuli.

"Haya," akasema. "Twende."

Maembe yalishuka naye. Madogo yalitangulia, makubwa yalimbeba, na hakuna hata moja lililopondeka. Alipita kwa wauza nyanya amekaa wima. Alipita kwenye bucha. Mtu wa bucha akamsalimia, akamjibu. Muuza chumvi alivuta gunia lake ndani zaidi kuliko kawaida. Mbele ya duka la mikeka Usumani alisimama, mkono kifuani.

"Dada, safari?"

"Naenda kazini."

"Babu wa babu yangu alikuja kwa miguu," Usumani akasema kwa masikitiko. "Hakujua."

Kwenye meza namba mbili Jolly alisogeza kigoda chake bila kuambiwa, maembe yakapanda, na Spéciose akawa juu yake, mbele ya soko, anatazama kituo cha mabasi. Akavuta pumzi. Alikuwa na maneno aliyoyatunga usiku kucha akiwa macho, na sasa akayatoa kwa sauti ya kwaya:

"Ngozi nje, nyama kati,
kokwa ndani halina hati!
Njoo ule, njoo upate,
ndevu zake usizikate!"

Watu wa basi la saa nne na robo walishuka wote kununua, na basi likawangoja.

Walinzi walichukua dakika ishirini kufika. Walipaswa kumrudisha mfanyabiashara mahali pake, kwa mujibu wa kifungu cha pili, na kwa kuwa Spéciose alikuwa mama mwenye mwili wake walihitaji toroli, na toroli lilikuwa la mtu wa unga, ambaye hakuwa na haraka ya kuwapa. Melchior alimshika mkono huku, mwenzake huku, wakamkalisha kwenye toroli kwa heshima, mwavuli ukiwa wazi, wakamsukuma hadi nyuma. Njiani alisalimia wale wale aliowasalimia.

Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Na iliyofuata. Maembe yalimpeleka mbele, toroli likamrudisha nyuma, na katikati kulikuwa na dakika ishirini. Spéciose alijifunza kuuza ndani ya dakika hizo. Hakutoa tena habari za mvua wala za watoto wa wateja. Alifunga, alipokea, alifunga. Jolly alimshikia mifuko ya karatasi. Mtu wa unga alianza kulisahau toroli lake nyumbani siku moja moja, na siku hizo zikawa dakika thelathini.

Alhamisi ya wiki ya tatu Bayingana mwenyewe alipanga foleni. Hakuwa amekunywa chai. Alinunua embe moja, kubwa, la tabaka la chini, akalila hapo hapo amesimama, na ilionekana wazi kwamba lilikuwa tamu, kwa sababu maji yalimfika kwenye kiwiko naye hakuyafuta. Alipomaliza alibaki ameshika kile kilichobaki, kwa vidole viwili, mbali na koti. Ndevu za kitu hicho zilikuwa ndefu.

"Mama Spéciose," akasema, "hii naitupa wapi?"

Spéciose alikuwa akimfungia mtu maembe matatu. Hakuinua macho. "Hii nini, bwana meneja?"

"Hii hapa."

"Iko na jina?"

Foleni ilikuwa na watu wanane. Usumani alikuwa mlangoni pake. Jolly alikuwa ameacha kufungua mfuko. Bayingana alikitazama kile kitu upande mmoja, akakigeuza, akakitazama upande wa pili.

"Hii ya ndani," akasema.

"Ya ndani nini?"

Toroli likafika, likilia gurudumu. Melchior alisimama, akamtazama meneja, akangoja, kwa maana ingetosha meneja aseme neno moja tu na toroli lingerudi kwa mwenye unga. Bayingana alitazama saa yake. Kisha akaitikia kwa kichwa wamchukue.

Wakampakia Spéciose. Alifungua mwavuli, lakini safari hii aligeuza shingo na kumkazia Bayingana macho mpaka kwenye bucha, na hata baada ya bucha.

Bayingana alitafuta pipa kushoto, akatafuta kulia. Mbele hapakuwa na pipa. Mwishowe akakitia kile kitu kwenye mfuko wa koti lake, ndevu zikabaki nje, akarudi ofisini, akachomoa kalamu ya buluu na kuandika kwamba siku ilikuwa shwari.